Sauti Nyuma ya Boti

Jumanne, 5 Agosti

Filimbi. Uji. Miswaki. Wasichana wote mstari mmoja kwenye nyasi, vikombe mkononi, tunatema povu na kucheka. Halafu kufagia mahema, halafu ziwani. Nimezoea utadhani nilizaliwa hapa Rusinga, kumbe mimi ni mtu wa Kuria, wa milimani. Maji niliyoyajua ni ya mto wetu tu, na hayo niliyaogopa.

Mume wangu anapiga filimbi kama refa. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu. Tumeoana Julai, na fungate letu ndilo hili, kambi ya watoto ya likizo. Omollo ndiye kiongozi wa kambi na ndiye anayefundisha kuogelea. Analala kwenye hema la wavulana. Mimi nalala na wasichana. Katikati yetu kuna bendera, jiko na Nyar Ndhiwa, mpishi wetu, ambaye hafungi jicho kabla hajahakikisha kila mtu yuko upande wake. Leo Omollo alinipitishia kikombe cha uji juu ya vichwa vya watoto na vidole vyetu vikagusana. Nimeshinda nikitabasamu peke yangu. Mjinga mimi. Mjinga mwenye furaha.

Boke hajaingia majini. Amekaa ufukweni asubuhi nzima, amekumbatia magoti.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike habari za Boke, maana usingizi wangu uko mikononi mwake.

Ni binti wa kaka yangu. Kaka alichukuliwa na mto mwaka wa mvua kubwa, akivuka kurudi nyumbani. Boke analelewa na mama yangu, na shule yake iko ng'ambo ya mto huohuo. Mvua ikinyesha, Mama husimama ukingoni mpaka amwone mtoto amevuka. Sasa amechoka kusimama. Amesema mtoto ajue kuogelea, na yeye apate ushahidi. La sivyo, shule zikifunguliwa Boke anahamia kwa mjomba Isebania. Hakuna anayelitaka jambo hilo, Mama mwenyewe halitaki. Wanalala kitanda kimoja, nyanya na mjukuu. Boke akisikia neno Isebania ananyamaza siku nzima.

Omollo aliahidi kumfundisha. Aliahidi siku ile ng'ombe wa mahari walipofika kwetu, mbele ya wazee wote, sauti wala haikutetemeka. Nadhani siku hiyo nilimpenda mara ya pili.

Leo hakumbembeleza hata kidogo. Alisimama majini, maji kifuani, akaanza kuongea kama anayejisemea mwenyewe. Kulikuwa na mbuzi hapa Rusinga, jina lake Bwana Ndevu, aliyechoka kula nyasi akaamua kwenda sokoni Oyugis kuuza ndevu zake. Njiani akakutana na punda. Punda akamwambia... Hapo akanyamaza, akaanza kujiosha masikio.

"Halafu?" Boke akauliza kutoka ufukweni.

"Sikusikii. Nina maji masikioni."

Boke akasogea. Maji miguuni. "Anko, halafu?"

"Bado sikusikii."

Mpaka saa ya chakula maji yalikuwa yamemfika kiunoni, na mbuzi alikuwa amemtukana punda, akatukanwa yeye. Sheria imewekwa. Ukipiga miguu, mbuzi anatembea. Ukisimama, mbuzi anasimama.

Nimeolewa na nani jamani? Nani alinipa huyu?

Alhamisi, 7 Agosti

Boke ameelea! Uso majini, nywele zimesambaa, mikono ya Omollo chini ya tumbo lake, halafu mikono haipo. Hakujua kwamba haipo. Mbuzi alikuwa amefika kwenye daraja la Mbita na askari anamuuliza kitambulisho.

Nilipiga kelele nikamwangusha mtoto wa watu aliyekuwa ameegemea mgongo wangu. Nimemwomba msamaha kwa peremende.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kufua. Kamba zote zimejaa soksi. Mchana tumekula nyoya, mahindi na maharagwe, na wasichana wangu wakanibana kwa maswali. Nilimjuaje Omollo? Alinichumbia kwa lugha gani? Nikawaambia, Kiswahili, maana yeye hajui Kikuria na Kijaluo changu kinawafanya wakwe zangu wacheke mpaka watoe machozi. Wakataka kujua neno la kwanza aliloniambia. Ukweli ni kwamba aliniuliza choo kiko wapi, tulikuwa kwenye semina ya walimu wa Sunday school Migori mjini. Nikawaambia alisema nina macho mazuri. Hilo alilisema siku ya pili yake, kwa hiyo si mbali na ukweli.

Boke amefika mtungi wa kwanza. Kuna kamba majini, imefungwa mitungi miwili ya njano, na mwisho kabisa ni boti kuukuu ya kambi, ya bluu, imetiwa nanga. Ukiigusa boti na kurudi ufukweni, umehitimu. Jumamosi ijayo wazazi wakija, watoto wote watafanya hivyo mbele yao. Mjomba ndiye atakayekuja kwa niaba yetu. Atampigia Mama picha za simu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Nyar Ndhiwa alituonea huruma, akatutuma sisi wawili omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi. "Nendeni. Na mrudi na omena, si na hadithi," akasema.

Tulitembea polepole kama watu wanaobeba mayai. Omena wameanikwa kwenye nyavu, ufuo mzima unang'aa kama bati jipya. Omollo alinishika mkono mbele ya wanawake wanaogeuza samaki. Mmoja akapiga mluzi. Sikuona aibu hata kidogo. Tulirudi na omena nusu ya tuliotumwa. Hadithi sitaiandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amepiga simu. Mjomba haji. Anakuja yeye mwenyewe! Amesema hataki picha, picha haipumui, anataka kumwona mtoto.

Nilikimbia kutoka kwenye hema mpaka jikoni nikiruka. Mama yangu, hapa, kisiwani! Nikamwambia Omollo. Akaketi juu ya gunia la viazi kama mtu aliyepigwa.

Hapo ndipo nikaelewa. Furaha yote ikanitoka kama hewa kwenye mpira.

Mama ni mkwe wake. Wajaluo husema maro. Na katika jambo hili Wajaluo na Wakuria hawabishani hata kidogo: mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja. Na kuonana nusu uchi ni aibu ambayo wazee wa pande zote mbili wangelazimika kuikalia kikao. Mume wangu kifua wazi, na kaptura iliyolowa, mbele ya mama yangu! Tulipanga kila kitu tukimfikiria mjomba. Hatukuwaza kabisa kwamba Mama, ambaye hajawahi kulisogelea ziwa, angepanda gari kuja kulitazama.

"Akoth atamwogelesha," Omollo akasema mwishowe. Akoth ndiye msaidizi wake majini.

Sawa. Akoth ni hodari.

Jumanne, 12 Agosti

Si sawa. Boke aliingia na Akoth, akapiga miguu kidogo, akasimama, akamshika Akoth shingo karibu wazame wote. Nikamtoa akitetemeka.

"Akoth hajui mbuzi," aliniambia.

"Amekuambia habari za mbuzi, nimesikia."

"Mbuzi wake anatembea tu, Shangazi. Haongei."

Akoth amekasirika. Anasema alisomea uokoaji, hakusomea mbuzi.

Jumatano, 13 Agosti

Ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa. Nauandika ili siku moja tuucheke, lakini leo sicheki.

Omollo alisema ataingia na suruali na shati. Nyar Ndhiwa akacheka akiwa ameshika mwiko. "Suruali ikilowa, nyathina, mwanangu, inasema kila kitu. Afadhali kaptura, yenyewe haijifichi." Ndipo nikasema maneno yaliyonikera tangu Jumatatu. Nikasema ni siku moja tu, Mama ataelewa, mtoto ni muhimu kuliko kaptura. Akanijibu kwamba heshima ya mama yangu si nguo ya kuvua na kuvaa, na kwamba hata kama mimi ningemsamehe, yeye hangeweza kumtazama Mama tena maishani. Nikasema, "Basi mpeleke Boke Isebania wewe mwenyewe!" Nilipiga kelele. Watoto walisikia. Boke alisikia.

Nililia nyuma ya jiko. Niliwaza hata kumpigia Mama nimwambie asije. Nilishika simu. Nikaiweka.

Nilipoingia hemani nilikuta andazi limefungwa kwenye karatasi juu ya mto wangu. Sijui lilivukaje bendera. Nimelila lote na bado namkasirikia, kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti

NIMEPATA! Mimi! Mimi mwenyewe!

Jioni tulicheza brikicho. Watoto walijificha, wakubwa pia. Wote wakapatikana isipokuwa Omollo. Tulimtafuta kwenye mahema, chooni, chini ya gari la mkaa. Tukawa tunasikia kicheko chake tu, hatujui kinatoka wapi. Boke akawa anazunguka akiita "Anko! Anko!" na ule uso wake umechangamka. Kumbe yuko ziwani, amesimama nyuma ya boti ya bluu. Pale maji yanamfika shingoni. Huwezi kuona hata unywele.

Boke hamhitaji Omollo. Anamhitaji mbuzi. Na mbuzi ni sauti tu!

Niliingia majini na sketi yangu mpaka magotini nikamwambia papo hapo. Aingie kabla Mama hajafika, na shati na suruali, ajifiche nyuma ya boti, apige hadithi kwa sauti. Akoth amfuate Boke kwa nyuma, karibu kiasi cha kumshika. Mama aone mtoto tu. Omollo alinitazama kama alivyonitazama kanisani. Akaninyanyua. Nyar Ndhiwa akapiga kijiko kwenye sufuria: "Bibi arusi! Upande wako!"

Jumamosi njoo upesi.

Ijumaa, 15 Agosti

Jaribio. Kwenda, safi kabisa. Boke aliifuata sauti mpaka akaigusa boti kwa kiganja, paa! Tatizo ni kurudi. Akigeuka, sauti inabaki mgongoni. Aliogelea kidogo akasimama, akageuka kuelekea kwa mbuzi. Tukajaribu tena. Vilevile. Akoth amemleta ufukweni kwa mkono mara zote.

Boke ameniuliza kama Isebania kuna watoto wa kucheza nao. Nikasema wako. Akasema, "Na Nyanya atalala na nani?"

Nikamfunika blanketi. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika upesi, mwandiko ukipinda basi.

Omollo aliingia majini mapema, wazazi wakiwa bado wanavuka daraja. Mama alifika na viatu vyake vya kanisani na kilemba cha harusi yetu. Nilimkumbatia nikanusa moshi wa nyumbani, nikataka kulia. Alisalimia kila mtu. Hakuuliza yuko wapi mkwe wake. Macho yalizunguka kambi mara moja, yakafika kwenye boti, yakakaa pale kidogo, halafu akayageuzia kwenye viatu vyake. Nikampa kiti chini ya turubai.

Zamu ya Boke. Akatembea mpaka maji kifuani. Kisha kutoka nyuma ya boti, sauti nzito, ya kuchekesha, imejaa ziwa lote: "Basi Bwana Ndevu akafika sokoni Oyugis! Akapanda juu ya meza ya nyanya!"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu mmoja, mzee mzima, analia kwa kucheka. Mama hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono na kukikaza. Boke akajitupa majini.

Mtungi wa kwanza. Sokoni, mama mboga mwenye meza anadai mbuzi ashuke. Mtungi wa pili. Mbuzi hashuki, anasema yeye ni mteja kama wengine. Akoth nyuma yake, kimya kama kivuli. Boke akaigusa boti. Paa! Nilipiga mayowe nikamkanyaga Mama, hata hakuhisi.

Akageuka. Na Omollo akafanya jambo ambalo hatukupanga. Akanyamaza. Nilielewa mara moja: sauti ikiendelea, mtoto ataifuata tena. Akamwachia ziwa.

Boke alipiga miguu, akafika katikati ya mitungi, akasimama. Kichwa juu. Akatazama boti. Akatazama ufukwe. Mikono inapapasa maji. Nikaona Akoth anaunyosha mkono wake. Akimgusa tu, imekwisha. Nilitaka kufumba macho.

Kifundo changu kikaachiliwa. Mama alikuwa ameinuka. Mama yangu, ambaye nyumbani haruhusu hata beseni likae na maji. Aliingia ziwani na viatu vyake vya kanisani, maji yakamfika magotini, gauni likaelea. Akaita kwa Kikuria, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili:

"Boke! Halafu mbuzi akasema nini?"

Boke akatema maji. "Ngoja! Nakuja nikwambie!"

Akaja. Upande upande, akimeza nusu ya ziwa, miguu ikirusha maji kila mahali, lakini akaja. Mkono wa Akoth haukumgusa. Alifika kwa Mama akamng'ang'ania kiunoni, na palepale majini, akihema, akamwambia: mbuzi alisema ndevu zake ameona afadhali asiziuze, ni za kutazamwa tu. Mama akacheka. Tangu kaka aende sijamsikia akicheka hivyo, mdomo wazi, machozi yanatiririka. Nyar Ndhiwa akapiga vigelegele. Mimi nilicheza. Sijui nilicheza nini, muziki haukuwepo.

Mama hakutoka majini. Alitaka habari za punda. Akataka za askari wa daraja. Boke akaanza mbuzi upya tangu Rusinga. Mimi nimesimama hapo nimejaa furaha, nimesahau dunia.

Nyuma ya boti mtu akapiga chafya.

Nyar Ndhiwa akashika kichwa. "Uuwi! Mume wa watu!" Maskini mume wangu! Hangeweza kutoka Mama akiwa pale, na alikuwa majini tangu asubuhi.

Mama alijiweka sawa, akageuza uso kuelekea milimani, akajifunga leso vizuri. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, bila kumtazama yeyote:

"Ile boti imefanya kazi nzuri sana. Imeniletea mtoto wangu. Iambieni ipumzike sasa, isije ikashikwa na baridi."

Akamshika Boke mkono wakatoka, hawakuangalia nyuma. Boti ikapiga chafya ya pili.

Chakula, Mama alikula chini ya turubai, Omollo jikoni amefunikwa blanketi. Samaki mmoja, mahali pawili. Nilipomsindikiza Mama kwenye gari, viatu vyake vilikuwa bado vinalia maji. Boke yuko mapajani mwake. Nikauliza kuhusu Isebania. Mama akasema, "Isebania? Kuna nini huko?" Akafunga mlango.

Jumapili, 17 Agosti

Watoto wamekwenda. Mahema yameshushwa. Nyasi zilizokuwa chini yake ni za manjano, pembe nne, pembe nne, mpaka kwenye bendera. Nimeokota soksi moja. Nyar Ndhiwa amefunga sufuria zake akarudi kwao, akaniambia sasa nikae upande wowote ninaotaka.

Nyumbani kwetu, juu ya ufuo wa kambi. Chumba kimoja na mlango wa bluu. Omollo ana mafua, pua nyekundu, anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, yenye tangawizi na kujifanya si mgonjwa. Nimeketi miguuni pake.

Mama amepiga simu. Walifika salama jana usiku. Boke amelala, hakukubali kuvua nguo ya kuogelea, amelala nayo. Kesho atanunuliwa daftari za muhula mpya. Nilidhani amemaliza.

"Na yule mbuzi," akasema. "Alirudi nyumbani?"

Nikaziba simu nikamuuliza Omollo. Alifikiri amefumba macho.

"Mwambie yuko njiani. Amekawia darajani."

Nikamwambia.

"Basi," Mama akasema, "tutamsubiri."

Nimemletea mume wangu blanketi la pili. Dirishani boti ya bluu iko peke yake, haitikisiki. Ziwa limetulia.